Nyumba ya Mama Kwenye Udongo Mweusi

Mara ya kwanza kumwona mume wangu, alikuwa anaonja udongo.

Nilikuwa mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi upande wa Giakanja, miaka ya mwanzo ya uhuru. Barabara inayopita nyuma ya madarasa yetu ilikuwa inapanuliwa, na vibarua walikuwa wakichimba mashimo kando yake. Yeye alivaa kaptura ya kaki na soksi ndefu kama wale wazungu waliokuwa wameondoka juzi tu. Alishuka ndani ya shimo, akachota udongo kwa ncha ya kisu, akauweka kati ya meno ya mbele na kuusaga polepole. Watoto wa darasa langu wakaangua kicheko. Akatema mate, akanitazama mimi, si wao.

"Mwalimu, mchanga unakwaruza meno," akasema. "Udongo wa mfinyanzi unateleza kama siagi. Mtu mwenye meno hadanganywi na udongo."

Kwetu watu walizungumza juu ya udongo kila siku, lakini walizungumza juu ya mazao na mipaka. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akiusema kana kwamba una tabia zake, kama ng'ombe au mtoto. Kazi yake ilikuwa kuupima kabla barabara haijapita, aseme wapi pataibeba na wapi pataimeza. Baada ya mavuno ya kahawa alileta wazee wake nyumbani, na tukaoana.

Mama alimpenda kabla hata mahari haijazungumzwa. Alikuwa mjane. Baba alichukuliwa wakati wa hali ya hatari na hakurudi, na mashamba yalipogawanywa upya sisi tukaachiwa kipande ambacho ng'ombe akilala, mkia unaenda kwa jirani. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Mama hakuwahi kula mbele yake, na alipompelekea chai aliiweka mezani akageuka. Lakini alimwita "baba", kama mama wa Kikuyu anavyomwita mwanawe anayempenda.

Mama alikuwa na tamaa moja tu ninayoijua: nyumba ya mawe. Alizaliwa kwenye nyumba ya udongo, akaolewa kwenye nyumba ya udongo, na wakati wa vijiji vya lazima akalala kwenye kibanda ambacho mvua iliingia kama mwenye nyumba. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kimeanza kuezekana mabati. Kila mmoja alitoa kidogo alichopata kwa vibarua vya kupalilia, na nyumba moja ikavaa bati, kisha nyingine. Ukisimama kwenye mwinuko wakati wa jua ungeona paa ziking'aa hapa na pale, na mama akikutajia kila moja ni ya nani.

Ndipo shamba la mzungu mmoja, mbele ya Naro Moru kuelekea Nanyuki, likauzwa kwa watu waliojiunga pamoja kulinunua. Mama aliingia na hisa moja. Kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu, naye akaingia. Vipande viligawanywa kwa kura, namba zikichomolewa kwenye kofia, na kura ikawaweka jirani. Mama alipata mwinuko, mahali pa changarawe nyekundu na mawe madogo. Shemeji alipata tambarare ya chini, karibu na mfereji wa maji.

Haikupita wiki shemeji akaja Giakanja. Alikunywa chai, akasifu mibuni michache ya mama, kisha akasema shida iliyomleta.

"Mama, wewe utapanda kilima kile na mtungi hadi lini? Kule chini kuna maji, kuna barabara. Na udongo wake, mweusi kama sufuria! Mahindi yatakushukuru. Mimi niko na vijana wa kunichotea maji. Tubadilishane."

"Maneno ni mazuri," mama akajibu. "Lakini niko na mtu wa udongo kwangu. Wacha aje aangalie."

Nilikuwepo siku mume wangu alipokwenda kuangalia. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na tambarare yote ilikuwa kijani, na mlima ulikuwa wazi na theluji yake. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, na vilinata matopeni hata akavivua. Mume wangu alichimba kwa jembe hadi shimo likamfika kiunoni. Alichukua donge, akalilowesha, akaanza kuliviringisha kati ya viganja. Likawa kamba nyembamba kama ya kiatu. Akaikunja kamba ile ikawa pete, na haikukatika. Akaitazama pete ile muda mrefu. Shemeji alikuwa amesimama juu kwenye mwinuko, mikono nyuma, akitusubiri.

Mume wangu alipangusa mikono kwenye nyasi.

"Hapa ni pazuri, mama. Badilishaneni."

"Na nyumba?" mama akauliza. "Nyumba itakaa?"

"Itakaa."

Mama hakuuliza tena. Alibeba viatu vyake mkononi, akapanda kumwambia shemeji kwamba amekubali.

Ilimchukua misimu kadhaa kujenga. Mawe yalichongwa upande wa Nyeri na kuletwa na lori, na akina mama wa kikundi walikuja kutoka Giakanja kwa zamu kubeba mchanga na maji. Fundi alikuwa mzee mmoja kutoka Othaya, mtu wa maneno machache, aliyejenga makanisa na madarasa kwenye vilima vya huko. Alijenga kama walivyojenga kwao, ambako unachimba msingi hadi magotini na nyumba inakaa mpaka wajukuu wanaoa. Mume wangu alikuwa kazini kwenye barabara za mbali. Alipopita mara moja na kukuta kuta zimefika dirishani, alizunguka nyumba akasema ni nzuri, akaondoka kabla ya chai.

Siku ya kuingia tuliimba hadi sauti zikakauka. Mama aligusa kila ukuta kwa kiganja. Kulikuwa na vyumba vinne, sakafu ya simiti, na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Nyuma ya nyumba alipanda mikalitusi, karibu kabisa na ukuta, imkinge na upepo wa mlimani.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa kikali. Ardhi ya tambarare ilianza kupasuka. Kwanza ilikuwa mistari myembamba, kisha nyufa ambazo panga lingezama mpaka mpini. Siku moja kifaranga cha mama kilitumbukia, tukakisikia kikilia chini ya ardhi, na hatukuweza kukifikia. Nguzo za ua zilianza kulala, moja huku, nyingine kule. Juu ya mlango wa kijani ukatokea mstari mwembamba kama unywele.

Mvua za Aprili zikaja, na nyufa za ardhini zikafunga kama vile hazikuwahi kuwapo. Zile za nyumba hazikufunga. Sakafu ya chumba cha kati ilivimba, ikainuka katikati kama tumbo la ng'ombe, na mlango ukakataa kufungwa. Mama aliuegemeza kwa gunia la mahindi. Kiangazi kilichofuata pembe ya nyuma, ile ya upande wa mikalitusi, ikashuka, na ufa ukapita kutoka msingi hadi kwenye bati. Ungeweza kuona mlima kupitia huo ufa.

Akina mama walikuja kutazama, na maneno yakaanza. Mmoja alisema nyumba haikuombewa vizuri. Mwingine akasema mzungu aliacha kitu ardhini. Lakini wengi walisema ni fundi, ati aliiba simiti akauza. Wakamngoja mume wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

Alifika Jumapili. Alisimama mbele ya ule ufa, wanawake wakimzunguka, mama nyuma yao akiwa ameshika leso mdomoni. Fundi naye alikuwa ameitwa, amesimama peke yake karibu na tangi la maji. Mume wangu alitoa ufunguo mfukoni, akakwaruza simiti kati ya mawe mawili, ikamwagika kidogo.

"Mchanga ni mwingi," akasema.

Hakusema zaidi ya hapo, na wala haikuhitajika. Fundi alichukua kofia yake, akaenda zake kwa miguu hadi barabarani. Kanisa lililokuwa limempa kazi ya ukumbi lilimwondoa, na shule ikamwondoa. Huko Othaya watu walianza kumwita jina la kejeli ambalo sitaliandika.

Mimi niliamini. Kwa nini nisiamini? Ningelala karibu na mtu anayejua udongo kwa meno, nimtilie shaka juu ya simiti?

Wakati huo yeye alikuwa amehamishiwa Nanyuki, nami nikapata shule huko. Tulikuwa na watoto wawili na kiwanja pembeni mwa mji, na siku ilifika ya kuanza nyumba yetu. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama siku zile. Alitoka kazini, akabadilisha viatu, akaenda kiwanjani, na akaniita nije nione. Kiwanja chetu kilikuwa cheusi upande mmoja.

"Huu ndio ule watu wa ujenzi wanauita bleki koton," aliniambia. "Ni mwizi mpole. Kiangazi unasinyaa, mvua ikija unavimba. Unapumua. Nyumba iliyo juu yake inapumua nayo, na mawe hayajui kupumua."

Alinifundisha kama alivyowafundisha vijana wake wa kazini. Angalia nguzo za ua, kama zimelala. Angalia vijiti vya migunga ile mifupi yenye miiba, huo ndio mti unaopenda mahali pake. Kata donge kwa kisu, uone kama uso wake unang'aa. Liloweshe, uliviringishe. Likikataa kukatika, likawa kamba na kamba ikawa pete, usijenge kabla hujafikiri. Jioni alisaga udongo mkavu, akaumwaga kwenye chupa ya jemu, kimo cha kidole kimoja, akajaza maji na kuiweka dirishani. Asubuhi udongo ulikuwa umeumuka kama unga wa mandazi, umekaribia mara mbili ya jana. Watoto walipiga makofi.

Kisha akanirudisha kiwanjani, akanionyesha dawa yake. Upande mweusi, mahali pa kuta pangechimbwa hadi changarawe ngumu ya chini, na msingi uanzie hapo. Penye sakafu, udongo wa juu ungeondolewa, na ule unaobaki uchanganywe na chokaa, kwa kuwa chokaa inauvunja ukaidi. Ulionata unakuwa makombo, unashindiliwa, unatulia. Maji ya paa yasimwagike karibu. Mti usipandwe karibu, kwa sababu mizizi inafyonza maji upande mmoja na pembe ya nyumba inazama.

Nilikuwa nimeshika ile chupa. Nakumbuka baridi yake.

"Ulianza kuyajua haya lini?" nikamuuliza. Sikuwa namtega. Nilikuwa bado najivunia.

"Haya? Haya ni ya mwaka wa kwanza wa kazi, mama watoto. Hata kabla sijaja kuchimba shuleni kwenu. Mtoto mdogo anaweza kuujua udongo huu, akionyeshwa mara moja."

Alikuwa anatabasamu. Niliona tabasamu likisimama, kisha likaanza kuondoka, kwa sababu alikuwa ameuona uso wangu.

"Kwa mama uliviringisha," nikasema. "Ukafanya pete."

Aliichukua ile chupa mkononi mwangu.

"Haikukatika."

"Ndiyo, haikukatika."

"Akakuuliza kama nyumba itakaa."

Aliketi juu ya rundo la mawe. "Yule ni kaka yangu mkubwa," akasema. "Yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Alikuja kwangu kabla, akaniomba, ati ana vijana wa kuoza na anataka mahali pa kuwajengea. Ningemwambia nini? Na mimi nilidhani mama atajenga ya mbao. Mbao inajinyosha, haiumii sana. Sikujua ni ya mawe mpaka nikazikuta kuta zimefika dirishani."

"Mama amekuwa akiota mawe tangu sijazaliwa. Ulikuwa unajua."

"Nilifikiri hatafika huko."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote. Alikuwa amepima uwezo wa mama, akaona hautoshi, akatoa jibu lake juu ya kipimo hicho.

"Na fundi?" nikauliza.

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. "Simiti yake ilikuwa nzuri," akasema.

Asubuhi nilipanda gari hadi Naro Moru, nikatembea hadi kwa mama. Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye kivuli cha nyumba, upande usio na ufa. Nilikaa chini, nikamwambia yote, nikilia, maneno yakitoka bila mpangilio. Nilikuwa nimejiandaa kumshika akianguka. Hakuanguka. Aliendelea kutoa maharagwe mabovu na kuwarushia kuku.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba alijua. Mke wa shemeji yako aliniambia. Tunakwenda naye kanisani, akashindwa kukaa na siri hiyo. Ni zamani kidogo, kabla pembe haijashuka."

Nilimtazama kama mtu nisiyemfahamu. "Na hukuniambia?"

"Nikuambie ufanye nini, mami?" Aliniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Ungefunga nguo zako urudi kwangu. Kwangu wapi? Kwa nyumba inayopasuka? Una watoto wawili. Nikaona afadhali ipasuke moja, zisipasuke mbili."

"Ulimwacha fundi aende na aibu hiyo."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hakunitazama. "Fundi ana wanawe," akasema baadaye. "Mimi nina wewe tu."

Sikulala kwake siku hiyo. Nilisimama barabarani kungoja gari la kurudi Nanyuki, na sikujua naenda kwa nani. Nimesoma mahali kwamba mtu anayesalitiwa huhisi hasira. Mimi nilihisi upumbavu. Watu niliowapenda walikuwa wameketi kwenye meza moja na siri, wakinipitishia chakula.

Nilipofika nilimwambia mume wangu kwamba ujenzi wa nyumba yetu umesimama. Chokaa yote iliyokuwa imenunuliwa, mawe yote, changarawe, vingepelekwa kwa mama. Yeye angeomba likizo. Na fundi ndiye angejenga, si mwingine. Sikumpa nafasi ya kujibu, na kusema haki, hakuitafuta. Alikwenda kutafuta lori.

Kwa fundi nilikwenda mwenyewe. Nyumbani kwake Othaya nilimkuta akipogoa chai. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kisu chake.

"Nitakuja," akasema, "kama mkwe wenu atasema kwa mdomo wake, mbele ya wale wanawake. Yeye alinikwaruza kwa ufunguo mbele yao. Asinitakase kwa kunong'ona."

Nilimwahidi.

Akina mama walikusanyika, wengine wakiwa wamezeeka tangu siku zile za kubeba mchanga. Mama alikuwa amepika uji. Mume wangu alisimama mbele yao, amevaa nguo za kazi. Fundi alikaa kwenye jiwe, kofia magotini.

"Akina mama," mume wangu akaanza, "tumerudi kurekebisha. Ardhi ya huku ilitubadilikia. Wakati ule hatukuijua vizuri. Fundi wetu alijitahidi, na mimi pia nilijitahidi..."

Fundi alivaa kofia yake, akasimama.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Ardhi haikubadilika," nikasema. "Aliijua. Aliiviringisha mbele yangu, akaikunja, akajua. Alimwambia mama ajenge kwa sababu kaka yake aliutaka mwinuko. Simiti ilikuwa nzuri. Fundi huyu hakuiba hata kijiko."

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Kule juu kwenye mwinuko nyumba ya shemeji ilikuwa imekaa wima, kuta zake safi, na mtu fulani alikuwa anaanika nguo uani. Mwishowe mwanamke mzee kuliko wote alimwendea fundi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Baba, tulikukosea." Wengine wakafuata. Fundi alivua kofia tena, akauliza jembe liko wapi.

Mama aliingia jikoni akafunga mlango.

Tulibomoa vyumba viwili vya nyuma, mawe tukayapanga kando yatumike tena. Mikalitusi ilikatwa na visiki kung'olewa. Vibarua walichimba mpaka vichwa vikafichika, na udongo mweusi ukatoka umenata kwenye majembe hata ikabidi ukwanguliwe kwa vijiti, mpaka wakafikia changarawe. Msingi ulianzia hapo. Ndani, mume wangu alitandaza chokaa juu ya udongo, na sote tukaugeuza kwa majembe, mikono imepakwa mafuta ya kupikia ili chokaa isituchome. Nilikuwa nimejua kwa maneno kwamba udongo ungebadilika. Kuuona ni jambo lingine. Ule uliokuwa unavuta viatu ukaanza kuvunjika mkononi, ukawa mkavu na mwepesi kama mkate wa jana. Tukaushindilia, tukaufunika kwa magunia yenye maji, na juu yake tukajaza changarawe. Fundi alizungusha mkanda wa zege na vyuma juu ya kuta zote. Mume wangu aliweka mifereji kwenye paa na ukingo mpana wa simiti kuzunguka nyumba, maji yaende mbali.

Alifanya kazi vizuri. Ningependa kuandika kwamba alifanya vibaya, lakini hakufanya. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kuosha mikono, na alikuwa akimwuliza fundi maoni yake kwa heshima. Mama alimpelekea chai, akaiweka juu ya jiwe, akageuka, kama zamani. Mimi ndiye ambaye hakunisemesha. Tulipokuwa tunaondoka alinivuta pembeni.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Nimekaa na hilo jambo miaka hii yote likiwa limefunikwa. Wewe umelifunua kwa siku moja."

"Lilikuwa limemfunika fundi, mama."

"Sikukatai. Lakini umenivua nguo."

Ilichukua hadi mavuno ya maharagwe kabla hajanitumia salamu.

Nyumba ilitulia. Mvua zilikuja na kuondoka, ardhi ikapasuka na kufunga, na kuta zikabaki pamoja. Fundi alirudishiwa ukumbi wa kanisa na akaumaliza. Nilikutana naye mara nyingi sokoni Nyeri, na kila mara alinisalimu kwa kunyanyua kofia, akaniuliza hali ya watoto. Nilimkaribisha nyumbani zaidi ya mara moja. Alishukuru, na hakuja. Shemeji hakuwahi kutaja jambo lile. Tulipokutana kwenye mazishi au harusi alizungumza nami juu ya bei ya maziwa.

Mimi na mume wangu hatukuachana. Nyumba yetu ya Nanyuki ilikuja kuisha pia, polepole, chumba kwa chumba, na tukalea watoto ndani yake. Tulizungumza juu ya karo, juu ya ng'ombe, juu ya nani anaumwa. Lakini tangu siku ile ya chupa, akiniambia kitu chochote, hata kwamba duka limefungwa au kwamba mvua inakuja, nilikwenda mwenyewe kuangalia. Alikuwa ananiona nikivaa viatu, na hakuwahi kuniuliza naenda wapi.

Mama alipougua, miaka mingi baadaye, nilihamia kwake kumwuguza. Alikuwa amelala kwenye chumba cha nyuma, kile tulichokijenga upya, dirisha likitazama mlima. Siku moja aliniambia niagize mume wangu aje. Nilidhani hatimaye anataka kumwambia lililokuwa moyoni, na nilikuwa tayari kulisikia. Alikuja, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda. Kwa mara ya kwanza mama alimwacha amsaidie kunywa maji. Nilisimama mlangoni na bakuli la uji.

"Baba," mama akamwambia, na akanyoosha mkono akaugusa ukuta, "umenijengea vizuri."

Mume wangu alilia. Mama alimwambia anyamaze, kwamba mwanaume hapaswi kulia mbele ya mama mkwe wake. Kisha wakaanza kuzungumza juu ya mvua, kama inachelewa au la. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilirudi jikoni, nikauweka uji mekoni tena, nikaukoroga muda mrefu ingawa ulikuwa haujapoa.